Laki Tatu za Korosho na Boksi la Dell

Mfyuuu! Hebu niacheni nimalize kahawa yangu kwanza, halafu ndiyo tugombane vizuri.

Kijana katoka Newala na gari la alfajiri. Kompyuta kaifungia kwenye kiroba cha salfa, kashuka hapa Masasi hata vumbi hajajikung'uta, kaja kijiweni kumuulizia fundi. Shida yake moja: ana laki tatu za korosho, anataka kuiongezea kompyuta nguvu, ya kazi na ya gemu, sasa aanze na kifaa gani? Basi, kijiwe kizima kikageuka chuo kikuu. Bodaboda: “Njomba, weka grafiksi.” Muuza vocha: “Grafiksi, tena ya giga nne.” Babu yetu wa bao, ambaye simu yake ni ya tochi na namba anaandikiwa na wajukuu, naye akachangia bila kuinua macho kwenye kete: “Mjukuu wangu, wakikwambia hiyo garafiki, weka hiyo hiyo.”

Na kijana anaitikia kwa kichwa, meno nje, maana hilo ndilo jibu alilokuja nalo kutoka Newala. Alikuwa anatafuta mashahidi, si ushauri. Kiroba chenyewe bado kimefungwa kamba! Watu wazima na ndevu zenu mnaamua kifaa cha kununua na mashine hamjaiona.

Haya, kifungueni.

Ni Dell OptiPlex 7010, lile boksi jembamba la kulaza mezani. Mashine ya mwaka 2012 hiyo. Imekaa ofisini kwa wenzetu huko Ulaya ikiandika barua na kuhesabu mishahara, wakaichoka, wakaitoa kwa jumla, ikapanda kontena, ikateremka bandarini Dar es Salaam, ikafika Kariakoo ikafutwa na kitambaa chenye mafuta, ikaitwa “mpya kabisa”. Ingia steshenari za Masasi, za Newala, nenda mpaka Tandahimba, utakutana na ndugu zake. Isipokuwa Dell basi ni HP ya umbo hilo hilo. Ndani ina prosesa ya Core i5-3470, RAM ya GB 4 kipande kimoja, diski ya kuzunguka ya GB 500, na haina kadi ya grafiksi. Picha zinachorwa na kagrafiksi kadogo kalikomo ndani ya prosesa yenyewe.

Kazi yake ni nini? Hilo nalo hakuna aliyeuliza. Mchana kijana ni mtu wa steshenari: barua za maombi, fomu za mikopo ya elimu ya juu, watu wa Ajira Portal waliosahau nywila, muhtasari wa kikao cha AMCOS unaotakiwa jana. Msimu wa korosho ukichanganya anageuka mtu wa video: harusi, watoto wanaotoka jando, unyago, ngoma za mapiko. Anashuti kwa kamera, anakata kwa Adobe Premiere, anampa mwenye shughuli kwenye flashi. Usiku akishateremsha mlango ni PES 2017 na GTA V, yeye na wenzake, anayefungwa ananunua soda. Sasa ukimsikia mwenyewe anavyosimulia, video ni sentensi moja, GTA ni dakika kumi. Lakini soda hazilipi kodi ya fremu.

Na laki tatu si pesa ya kuchezea. Msimu wa 2024/2025, kwenye mnada wa kwanza wa TANECU, ushirika wa wakulima wa Tandahimba na Newala, bei ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo na huko juu Newala vigelegele vikasikika. Kwa bei hiyo, laki tatu ni kilo 75 za korosho, karibu gunia zima, na hapo makato hujayagusa. Mikorosho imepaliliwa, imepuliziwa, korosho zimeokotwa moja moja chini ya mti na mama wa watu mgongo umepinda, zimeanikwa, zimepimwa, zimelala ghalani zikisubiri mnada, halafu pesa inaingia benki ukiwa umeshakopa nusu yake. Ndiyo maana mimi nasonya. Pesa ya kusini inakuja mara moja kwa mwaka, na ikifika inawasha mfukoni. Wazee hapa mnazo hadithi zenu za misimu minono, nisiwaaibishe mbele ya vijana.

Kijana wa Newala sikuhitaji kumfundisha mbali, nilimtajia maji tu. Uwanda wa Makonde hauna mto huko juu. Maji ya mradi wa Makonde, ule wa tangu miaka ya 1950, yanasukumwa na pampu kutoka bondeni hadi yawafikie. Sasa pampu ikiwa imelala, wewe uani una simtanki la lita elfu tano, unafungua koki unasikia upepo. Ukinunua simtanki la pili umepata nini? Upepo wa matangi mawili. Akacheka, akaelewa. Katika kompyuta kila kifaa kinamngoja mwenzake, na wote wanakwenda kwa mwendo wa yule anayechelewa zaidi. Kwa hiyo swali si “kifaa gani kizuri”. Swali ni nani anangojewa. Na hilo kijiwe hakilijui. Mashine yenyewe inalijua, na ukiiuliza inajibu.

Tukanyanyuka mpaka kwa fundi, pale nyuma ya duka la pembejeo. Nusu ya kijiwe ikatufuata, kazi zao zinawangoja.

Fundi akachomeka, akawasha, akabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Task Manager ikafunguka. Hicho kidirisha kipo kwenye kila Windows na ni cha bure, ila watu wanakifungua pale tu programu inapoganda ili waiue, wakati kazi yake nyingine ni kukuonyesha nani kabeba mzigo. Kompyuta imewaka tu, hakuna kilichofunguliwa: diski iko asilimia 100. Bado iko 100. Mwalimu wa hesabu aliyekuwa anakwenda zake kipindini akasimama kuangalia, akachelewa kipindi, diski bado iko 100. Prosesa wakati wote huo inacheza kwenye 20, haina la kufanya, inasubiri kuletewa.

Tukafungua Premiere na harusi moja ya mwezi uliopita. Memori ikajaa mpaka juu, ikabaki kauzi kembamba, na bibi harusi akawa anatembea hatua moja, anasimama, anafikiri, anatembea tena. Memori ikishajaa, Windows haikwambii “nimeshindwa”. Inaanza kukopa nafasi kwenye diski, inaweka huko vile visivyotumika sana na kuvirudisha vikihitajika. Na diski hiyo ni sahani ya chuma inayozunguka mara 7,200 kwa dakika, ina sindano moja ya kukimbia huku na huku. Sindano hiyo hiyo inasoma video, inaandika video, inabeba deni la memori, na juu yake Windows inapakua masasisho yake. Weka sikio karibu uisikie inavyokwaruza. Kijana akasema, “Hiyo sauti mimi naijua, nilidhani ni feni.”

Mara moja tu prosesa ilipanda mpaka 100 na kukaa: pale tulipoiambia itoe video kamili, ile hatua ya mwisho ya kubana na kuhifadhi. Liwekeni akilini hilo, nitalirudia.

Basi jibu la kwanza halina mjadala. Itoke hiyo diski, iingie SSD. Boksi hili halina tundu la zile SSD nyembamba za kuchomeka kwenye mazabodi, kwa hiyo ni ile ya SATA, bapa, ya inchi mbili na nusu. Achana na wanaokwambia “ya SATA imepitwa na wakati”. Kwa mtu anayetoka kwenye sahani ya kuzunguka, tofauti ataiona kabla Windows haijamaliza kuwaka. Achukue ya GB 480 au 512, si 120, maana GTA V peke yake inadai zaidi ya GB 70, na harusi moja ya siku nzima mnajua inavyojaza. Ile diski ya zamani haitupwi, iwe ghala la video zilizokwisha. Pale kilipo kisoma CD, ambacho hakuna anayekitumia tena, kinatolewa na SSD inakaa kwenye kibebeo chake.

Ila, njomba, hapo kwenye SSD nisikilize na masikio yote mawili. Kuna vitu vinauzwa vimeandikwa TB 2 kwa bei ya kuku. Ndani ni kadi ndogo ya memori iliyofundishwa kusema uongo: ukiiuliza ukubwa inajibu TB 2, unakopi, inapokea, inapokea, haikatai, halafu ikifika mwisho wake wa kweli inaanza kuandika juu ya vya mwanzo au inavitupa. Unakuja kugundua siku bwana harusi anakuja kuchukua video, anapata ukumbi, anapata keki, bibi harusi hayumo. Dawa ni programu ndogo ya bure iitwayo H2testw: inajaza kifaa chote mpaka pomoni, kisha inasoma kila ilichoandika. Inachukua muda, hata saa kadhaa. Muuzaji akikwambia hana muda huo, na wewe huna pesa hiyo.

Tukaja kwenye RAM. Mazabodi hii ina nafasi nne, tatu ziko wazi. Mahali pazuri hapo, na kuna kitu watu hawakijui: vipande viwili vinavyolingana vinafanya kazi sambamba, prosesa inavuta kutoka kote kuwili kwa wakati mmoja. Kwa mtu mwenye kadi yake ya grafiksi hiyo ni nyongeza ndogo, lakini kwa huyu ambaye kagrafiksi kake kanakula RAM hiyo hiyo, ni jambo kubwa. GB 4 mbili zitamfaa kuliko GB 8 moja. Adobe wenyewe kwa Premiere wanataja GB 8 kama kiwango cha chini, na 16 ndiyo ya kupumulia.

Muuza vocha akasema basi aweke 16 amalize. Subiri. Hii ni DDR3, RAM ya zamani. Hazichomeki kwenye mashine za leo. Unazopata ni za mtumba, zimetolewa kwenye maboksi kama haya yaliyokufa. Na usidhani akingoja kidogo mpya zitashuka bei. Mwishoni mwa 2025 viwanda vya memori viligeukia akili bandia, maana yale majumba makubwa ya seva yanazila RAM na hayaulizi bei. Wakubwa wa memori duniani ni watatu tu, Samsung, SK Hynix na Micron, na Desemba 2025 Micron ikatangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya kuuzia watu wa kawaida kama sisi. Mtu Marekani anaiomba kompyuta imchoree paka aliyevaa kofia, RAM inapanda. Mfyuuu! Tusiende huko, tutakesha.

Haya, grafiksi. Najua bodaboda ananingoja hapa, kavua na helmeti kabisa.

Nikupe haki yako kwanza. GTA V ilipotoka kwa kompyuta, Aprili 2015, watengenezaji waliandika mashine wanayoipendekeza: prosesa Core i5-3470, RAM GB 8, kadi ya GTX 660 ya GB 2. Someni tena hiyo prosesa. Ndiyo hii hii, herufi kwa herufi na namba kwa namba! Maana yake kwa gemu hilo prosesa ya kijana haina deni, na kilichopungua ni RAM na grafiksi kweli. Kwa hiyo bodaboda hujakosea. Umetangulia tu.

Lakini tazameni tumbo la boksi. Pawa saplai ni ya wati 240, umbo lake ni la Dell peke yake, huwezi kwenda dukani ukachukua yoyote ukaipachika. Waya wa ziada wa kulisha kadi haumo. Tundu la kadi lenyewe linatoa wati 75, basi, hakuna zaidi. Na boksi ni jembamba, kwa hiyo kadi lazima iwe ile fupi ya kimo cha chini. Zile kadi zenye feni mbili tatu mnazoziona YouTube hazitaingia hata ukilipasua boksi kwa panga, na zikiingia hazitapata chakula. Hesabu ya wati inakubali kadi ndogo: prosesa inakula mpaka 77, kadi 75, vilivyobaki vidogo vidogo, bado pawa saplai inapumua.

Kadi za namna hiyo zipo, si nyingi: GT 1030, GTX 1050 Ti ya kimo cha chini, GTX 1650 ya kimo cha chini, na RX 6400 ya AMD. Na hapa ndipo kazi na gemu vinapogombana. Mkumbuke ile hatua ya mwisho ya video iliyoipandisha prosesa mpaka 100. GTX 1050 Ti na GTX 1650 zina sehemu maalumu ya kubana video, kazi hiyo prosesa inaitua. GT 1030 haina. RX 6400 nayo haina, ingawa kwa gemu inaizidi 1050 Ti. Mcheza gemu mtupu akinunua RX 6400 hana hasara. Mtu wa harusi akiinunua kapata GTA safi, na harusi inatoka kwa mwendo ule ule wa jana. Duka gani litakwambia hivyo? Watakwambia “hii ni ya 2022, ile ni ya 2016”, utatoa pesa mwenyewe.

Tena GT 1030 ziko mbili zenye jina moja, moja ina memori ya GDDR5 na nyingine ya DDR4, na ya pili inaachwa mbali sana. Boksi la karatasi linafanana. Kuna na ujambazi mkubwa zaidi: kadi ya zamani kama GTX 550 Ti, ya 2011, inaingizwa programu ya uongo, inabandikwa stika, inajitambulisha kuwa 1050 Ti. Windows inaamini. Programu ya bure ya GPU-Z ndiyo inayowaumbua: inasoma chipu yenyewe, na ikiona majina hayaoani inaandika waziwazi kwamba ni feki. Halafu kuna kadi zilizochimba sarafu za mtandaoni kwa miaka mpaka Septemba 2022, Ethereum ilipoacha uchimbaji wa namna ile, zikamwagwa sokoni. Si zote mbovu. Ila feni yake izungushe kwa kidole kabla hujatoa pesa.

Bodaboda akavaa helmeti yake. Hakusema kitu, lakini hakuondoka.

Mwalimu, huyu aliyeacha kipindi, akaleta hoja ya maana: kwa nini tusibadilishe prosesa? i7-3770 inakaa kwenye tundu hili hili, inakula wati zile zile 77, na ina nyuzi nane badala ya nne. Ni kweli, na kwa kutoa video ingesaidia. Kwa gemu, kidogo. Nilimjibu mwalimu kwamba ni wazo zuri kwa mtu aliyekwisha kuweka SSD na RAM na pesa bado inamsumbua. Huyu hayuko huko.

Kumbe wakati sisi tunahutubu, fundi kashafungua kifuniko. Njooni mwone wenyewe. Feni ya prosesa ina manyoya, nusu vumbi jekundu la Newala, nusu unga wa njano. Salfa! Kuanzia mwezi wa tano hivi mpaka wa nane watu wanapulizia mikorosho kuikinga na ubwiri unga, na ule unga hauendi kwenye maua peke yake, unaingia madirishani, kwenye vitabu, kwenye maandazi, na feni ya kompyuta inauvuta ndani siku nzima. Salfa na shaba haziivani, shaba ikikaa na salfa inaota weusi. Fundi akachukua brashi ya rangi, akasafisha. Akachomoa RAM, akasugua meno yake kwa raba ya kufutia penseli. Akanyanyua feni: ile grisi ya kupitisha joto imekauka, inabanduka kwa ukucha. Akapaka mpya, kiasi cha punje ya choroko, na ni grisi ya kweli, maana nimewaona mafundi wanaopaka dawa ya meno. Tulipopima mwanzo joto lilikuwa linagusa nyuzi 90, na prosesa ikipata joto hilo inakaribia kujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Baada ya brashi na grisi haikufika 70. Gharama yake? Sahani ya wali maharage. Huo ndio mwanzo wa kuongeza nguvu, na kijiwe kizima hakuna aliyeutaja, mimi nikiwemo.

La umeme sasa. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa 1982, bomba la kuipeleka Dar es Salaam likakamilika 2015, na mtu wa Newala akikaa kutoa video ya saa mbili bado anakaa na dua. Umeme ukikatika katikati, kazi inaanza upya, na ukirudi kwa kishindo unaweza kuondoka na pawa saplai, ile ile ya umbo la Dell ambayo kuipata ni safari. UPS ndogo ya VA 650 inabeba wati mia tatu na ushee, kwa boksi hili na kioo chake inampa dakika chache za kuhifadhi na kuzima kistaarabu. Tena printa ya leza asiichomeke humo kamwe! Ile ina kipande cha kupasha moto karatasi, kikiwaka kinavuta umeme mwingi mara moja, UPS inalia, inazima, na kompyuta nayo inakwenda. Printa na mashine ya fotokopi ziwe na njia yao ukutani.

Hapo mwalimu akatupa lile kombora: “Kwa nini anaweka pesa kwenye mzee huyu? Aliuze boksi.”

Kimya kidogo. Maana mwalimu ana hoja. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, minada ya korosho ndiyo inaanza. Windows 11 kwa masharti yao inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane na kuendelea, na chipu ya ulinzi ya TPM 2.0. Hii ni kizazi cha tatu. Mafundi wana njia za kuilazimisha, lakini steshenari inashika nywila za watu, namba za NIDA za watu, vyeti vya watu. Sipendi kuona hayo yakikaa kwenye kitu cha kulazimisha. Na yale maboksi ya kizazi cha nane, OptiPlex 7060 na ndugu zake wa 2018, ndiyo sasa yanatolewa maofisini huko Ulaya na kupanda kontena. Yatafika. Mengine yameshafika.

Kwa hiyo mimi nikabadilisha swali. Kijana hataweza kuhamia leo kwa laki tatu. Atahamia, labda msimu ujao, labda unaofuata, bei na mvua zikijaliwa. Basi anunue leo vile atakavyohama navyo. SSD ya SATA anaichomoa hapa anaichomeka kule. UPS inahama. Hata kadi ya grafiksi, akiichagua ya kimo cha chini na wati 75, inahama, maana boksi jembamba jipya lina ubahili ule ule. RAM ya DDR3 haihami, ikiingia humu itazikwa humu. Ndiyo maana sikukubali 16. Kipande kimoja cha GB 4 kuungana na hicho kilichopo, iwe 8, vipande viwili sambamba, basi. Na ile i7 ya mwalimu nayo ni ya kuzikwa humu.

“Na grafiksi?” Kijana sauti imekuwa ndogo.

Hapo nikamwachia fundi, maana mimi nikisema wataniita mchawi. Fundi akaandika kwenye karatasi ya boksi la balbu: SSD GB 480, RAM GB 4 ya DDR3, UPS. Akajumlisha. Kilichobaki hakifiki kadi ya maana, kinafika GT 1030, ambayo kwa video haina msaada na kwa gemu ni ya kujikongoja. Asubiri. PES 2017 haina makuu, itatembea. GTA V ateremshe ubora wa picha, magari yatakuwa kama yamechongwa na mwanafunzi, lakini yatakwenda.

Kijana akaikunja karatasi, akaitia mfukoni, akapiga simu Kariakoo hapo hapo. Nikamwambia adai risiti ya EFD, na SSD ipimwe kabla ya kulipwa yote. UPS aiombe ipakiwe ndani na si juu ya basi, ina betri ya risasi, nzito, haitaki kulaliwa na magunia. Na ikifika asiitegemee siku hiyo hiyo, aiache kwenye umeme usiku kucha ijae. Bodaboda akauliza mzigo utafika lini, maana yeye ndiye atakayempeleka stendi kuupokea, na nauli wapatane sasa kabla pesa haijaisha.